Lori la Mukula

Mti mbichi wa mukula ukipasuliwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na harufu yake ni ya udongo uliolowa. Mpaka leo, nikiinusa kwa maseremala wa mtaa wetu uitwao Kenya, huvuka barabara.

Baba alikuwa ofisa wa misitu wa serikali. Mama alizoea kusema kwamba miti ndiyo mke wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kukagua malori kwenye kizuizi cha barabara ya Kasenga, na likizo moja ya kiangazi alinichukua nimpikie bukari, ugali wetu.

Alasiri moja lilifika lori limesheheni mukula, mti uliokatazwa kukatwa. Dereva hakubishana. Alipiga simu, kisha akamnyooshea Baba ile simu.

"Chef anataka kusema na weye."

Baba alimsikiliza mkubwa wake wa kazi, kofia kwapani.

"Ndiyo, chef," akajibu. "Lakini siwezi kufungula."

Dereva akarudisha lori nyuma polepole. Nilidhani anageuza, hata nikampungia mkono. Halafu injini ikanguruma. Kilivunjika kwanza kizuizi, kisha mguu wa Baba.

Hospitalini, chef yuleyule alileta mikate na sukari. "Ngoie, ulipashwa tu kufunga macho," akamwambia Baba kwa upole.

Alipotoka, Mama akalipuka. "Unataka kufa juu ya miti! Na miye, bukari napikia na nini? Si makala, mkaa wa ile miti?"

Baba aligeukia ukuta. "Iko kweli," akasema.

Mguu ulipona umepinda. Wakubwa wakamhamishia ofisi za katikati ya mji. Kila asubuhi alipiga pasi sare yake na kutoka akichechemea. Jioni nilimuuliza amelinda miti gani, naye alinitajia: mupapa, mulombwa, musuku. Nikaenda kujigamba shuleni.

Tulipokwisha kumzika Baba, miaka mingi baadaye, ndipo Mama aliponieleza. Kule mjini hawakumpa kazi yoyote, wala meza. Walimwekea kiti cha plastiki kwenye korido, wakingoja achoke, aache mwenyewe. Alikaa pale miaka mpaka akastaafu, watu wakiruka mguu wake kupita. Nilikuwa nikiamini kwamba alikwenda kazini. Kumbe alikuwa bado anakataa, kama siku ile kizuizini, na kwenye korido ile hapakuwa na mtu wa kumsikia.