Maneno Juu ya Vidole

Kusuka kiondo, wanawake wa kikundi cha Mukuyuni walikuwa wanajua. Kukianzisha sasa, hapo ndipo kila mmoja alipokwama. Kitako kikianzwa vibaya, kiondo kizima kinakaa upande kama mlevi. Aliyekuwa na mkono wa kukianzisha ni Kaveke peke yake, na Kaveke walimzika Agosti.

Alimwacha binti mmoja, Nzilani, mwalimu wa nasari, pamoja na video chache ndani ya simu ya huyo binti. Walizirekodi wakati mama hawezi tena kufika kikundini. Kaveke alikaa kwenye kigoda, nyuzi za mkonge mapajani, akieleza kwa sauti ya kuchoka, na Nzilani akashika simu. Nzilani mwenyewe hakuwahi kusuka hata siku moja. Tangu utotoni aliambiwa akasome, mambo ya mkonge awaachie wakubwa, na kweli akasoma.

"Mbinya asibaki nyuma," mama alimwambia karibu na mwisho. "Hizo video umtengenezee."

Mbinya alikuwa mwanakikundi pia. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa mtoto, lakini shule ya viziwi alienda, na Kiswahili anakisoma vizuri kabisa. Alikuwa ameanza kufundishwa kitako, ameketi miguuni pa Kaveke, ugonjwa wa huyo mama ukakatiza.

"Nitamwandikia maneno yote pale chini, Mama," Nzilani aliahidi.

Kuahidi ni rahisi, jamani. Programu ya kwanza aliyoweka kwenye simu ilijua Kiingereza tu. Ya pili ilijisifu eti inasikiliza na kuandika yenyewe. Ikapewa sauti ya Kaveke, nusu Kiswahili nusu Kikamba na kikohozi katikati, ikatoa upuzi mtupu. Nzilani alikasirika mpaka akalia, maana aliona ni kama mama yake amechekwa. Mwishowe akaenda mjini Sultan Hamud, kwa Fahim, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu.

"Programu hii ndiyo itakufaa, dada," Fahim akamwambia. "Unaandika mwenyewe, lugha yoyote inakubali. Lakini nisikize vizuri. Maneno yakishaingia yanashikana na picha. Zile video za kwanza, zisizo na maneno, usizifute."

Kusikia alisikia. Lakini simu ilikuwa imejaa pomoni, na kila akimaliza video inakataa kuhifadhi. Kumtumia mtu mwingine amwekee hakutaka. Video za mama mgonjwa si za kuzungushwa kwenye simu za watu. Basi akawa anafuta ya zamani ili mpya ipate pa kukaa, na hata lile pipa la taka la simu akalimwaga.

Kila akitoka shule alikaa na kazi hiyo. Alichagua herufi kubwa nyeupe juu ya ukanda mweusi, ili Mbinya asihangaike kusoma. Akasahihisha neno kwa neno, vile anavyosahihisha vitabu vya watoto. Kumwangalia mama yake, haki, hakuweza. Macho yake yalishinda pale chini kwenye maandishi, na akiona yamekaa sawa, anasonga mbele. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kujiona anafanya jambo la maana.

Jumamosi Mbinya akaja na furushi la mkonge. Wakakaa barazani, simu katikati. Kaveke alipotokea, Mbinya alitabasamu, akampungia mkono kama aliye hai. Kisha tabasamu likaisha. Akainamia simu. Akakipangusa kioo kwa ncha ya leso, akatazama, akapangusa tena kwa nguvu.

Nzilani alidhani ni vumbi. Lakini Mbinya aligusa ule ukanda mweusi, akanyoosha vidole vyake mwenyewe, halafu akasukuma mkono pembeni: hebu toa hii.

Ndipo Nzilani akaangalia kweli. Mama alikuwa pale, uso, mabega, viwiko vikienda mbele na nyuma. Kuanzia viganjani kushuka chini, pale mapajani penye kazi yenyewe, palikuwa na ukanda mweusi tu. Video ya kwanza, ya pili, zote. Na juu ya ukanda, kwa herufi safi alizozisahihisha mwenyewe, iliandikwa: Angalia vidole vyangu.

Akampigia Fahim, akamweleza.

"Pole sana, dada. Kama zile za kwanza hazipo, huo ukanda hautoki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aibu ilimshika. Mama alikuwa amebaki mle ndani ya simu, na yeye, mwanawe, ndiye aliyemfunika.

Mbinya hakusikia simu hiyo, ila uso wa mwenzake aliusoma. Hakugomba. Alichomoa nyuzi kutoka kwenye furushi, akazilowesha, akaziweka kiganjani mwa Nzilani na kumfunga vidole juu yake. Akamnyooshea kidole Kaveke kwenye simu. Akamnyooshea Nzilani. Akafungua mikono, akingoja: wewe ni mtoto wake, basi nionyeshe.

Nzilani akazishika. Vidole vyake vilikuwa vya mama yake kabisa, virefu, gumba limepinda kidogo. Akazigeuza zile nyuzi, akazigeuza tena. Hakujua zinaanzia wapi.