Orest na Ubao Usiojua Kusema Siwezi

Orest Hrabarchuk alizaliwa na kila kitu isipokuwa neno "hapana." Ukimwomba ngazi, atakupa. Ukimwomba ngazi naye yuko juu yake anasafisha mfereji wa paa, atashuka kwanza kisha akupe. Mbwa watatu waliolala sebuleni kwake hawakuwa wake hata mmoja. Ni wa majirani walioomba awatunzie "kwa wikendi tu," na wikendi za watu wa mji wetu huweza kumaliza majira mawili ya theluji.

Mchana alihudumia mitambo ya maji ya mji. Mtu huyu hajawahi kuuacha mji bila maji, na hilo tumuandikie. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Kestri.

Kestri si mwanamke, ingawa mama mkwe wa Orest alipolisikia jina hilo kwenye simu mara ya kwanza aliuliza anaishi mtaa gani. Kestri ni lugha ya kompyuta. Na kila lugha ya namna hiyo ina maktaba yake ya msingi, yaani furushi la kazi ndogondogo ambazo programu yoyote hutarajia kuzikuta: niambie saa, nisubirishe kidogo, fungua faili, andika, hifadhi. Kwenye kompyuta za kawaida kazi hizo zipo tayari. Ukiipeleka lugha kwenye mashine ngeni, hukuti kitu. Lazima mtu akae azijenge upya moja moja, kama bibi harusi aliyefika kwa mumewe akakuta hakuna jiko, hakuna kisima, na hata mafiga ayatafute mwenyewe. Mtu anayeifanya kazi hiyo bila malipo wala asante ndiye Orest.

Alikuwa ameihamishia Kestri kwenye cherehani ya mama mkwe. Ilifanya kazi vizuri, ila ilishona tarehe ya siku kwenye kila pindo. Akaihamishia kwenye mashine ya mazoezi, ile ya kutembea bila kufika. Saa ya mashine hiyo ilihesabu tu pale mkanda ulipozunguka, kwa hiyo kila alipotaka kufanya majaribio ya saa alimwita mkewe, Larysa.

"Hebu tembea kidogo, mpenzi. Kompyuta inataka kujua dakika ni nini."

"Ikijua dakika itaniambia za kwangu zimekwenda wapi?" Larysa alikuwa akijibu, lakini alitembea. Majira yale alipungua mwili hadi majirani wakamuuliza siri. Alipowaambia anasaidia maktaba, wakadhani anabeba vitabu.

Kazi zote hizo mbili zilikataliwa. Walezi wa Kestri, yaani watu wanaoitunza lugha hiyo, wametawanyika kila pembe, nao wana desturi yao: mashine haiingizwi kwenye orodha ya mashine zinazokubalika mpaka majaribio yake yapite, na mpaka mlezi mmoja aione kwa macho yake ikiwatumikia watu wa kweli. Mlezi aliyepewa kuzikagua kazi za Orest alikuwa Ghislaine Arsenault wa mji wa mbali wa Moncton, mwanamke ambaye hakuwahi kuandika sentensi mbili pale ambapo moja ilitosha. Kuhusu cherehani aliandika, "Nani atatumia?" Kuhusu mashine ya mazoezi aliandika, "Mke si sehemu ya mashine."

Orest aliumia. Alikuwa mtu wa kuficha maumivu yake chini ya tabasamu, lakini Larysa alimkuta karakanani akiwaelezea mbwa suala lile, na mtu anayejieleza kwa mbwa watatu hajatulia. Alitaka kitu kimoja tu maishani: jina la mashine yake liingie kwenye orodha ile, ili siku moja mgeni asiyemjua, mahali asipopajua, aikute imeandikwa hapo.

Ndipo klabu yetu ya mchezo wa mawe ya barafuni ikapata ubao mpya wa matokeo. Kusema kweli ulikuwa mzee. Ulitoka stendi ya mabasi iliyofungwa. Lakini ulikuwa na taa nyekundu za kuvutia, na ndani yake ubongo mdogo wa kompyuta ambao hakuna aliyejua kuusemesha. Mwenyekiti wa klabu akamuuliza Orest kama angeweza kuufanya uonyeshe alama.

"Sawa," akasema Orest, naye safari hii angejibu hivyo hata kama angekuwa na neno lingine.

Aliihamishia Kestri humo. Ikasema saa, ikasubiri, ikaandika. Ilipofika kazi ya kuhifadhi, akakwama. Ubao haukuwa na diski. Ulikuwa na kumbukumbu ya muda tu, ile inayosahau yote umeme ukikatika. Uungwana wa fani ulitaka kazi ile ijibu, "Siwezi." Lakini ikijibu hivyo, safu nzima ya majaribio ingegeuka nyekundu, yaani imeanguka, na Ghislaine angeandika sentensi yake moja.

Basi Orest akaifundisha ijibu, "Sawa." Ukiiambia ihifadhi, inasema imehifadhi, halafu inakaa kimya. Majaribio yote yakapita. Kando ya mstari ule akajiandikia, "Ni kwa muda tu, nitarudi hapa." Wenye fani hii wanajua kwamba hakuna kinachodumu kama kile kilichowekwa kwa muda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Orest aliupaka ufa wake rangi.

Ghislaine akakubali kuutazama ubao siku ya fainali ya akina mama, kupitia kompyuta ya Orest. Jioni hiyo hiyo orodha ya toleo jipya ilikuwa inafungwa. "Ukishindwa leo," akaandika, "usubiri toleo lijalo." Toleo lililotangulia lilikuwa limechukua muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa na kuota meno.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Huu ni mchezo wa kuserereshea barafuni mawe mazito hadi kwenye duara, huku wenzako wakikimbia mbele ya jiwe na kufagia ili lifike. Kwetu watu hufagia barafu hadi jasho likawatoka, na nyumbani vumbi limelala raha mustarehe. Nahodha wa upande mmoja alikuwa Stefania Kuzyk, mama mkwe wa Orest, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya king'ora. Upande wa pili alikuwa Thora Einarson, aliyekula chumvi nyingi kuliko yeye na aliyekuwa ameibeba ngao ya ushindi ya klabu kila mwaka hadi akaipigilia msumari wa kudumu ukutani kwake.

"Thora, mwaka huu huo msumari utautundikia kofia," Stefania akamwambia.

"Nitatundika kofia yako, bibi, ukiisahau kwa kulia."

Baada ya kila raundi alama ziliingizwa, na ubao ukaandika kwa taa nyekundu: IMEHIFADHIWA. Watu wakafurahi. Zamani waliandika kwa chaki na kubishana. Sasa hata makarani wa timu waliacha kukumbuka, maana kwa nini mtu ajichoshe kichwa wakati ubao umesema umehifadhi? Orest alikaa pembeni na kompyuta mapajani, uso wa Ghislaine ukimtazama kutoka humo bila kupepesa. Kila neno lile lilipowaka, Orest aliitikia kwa kichwa kama aliyesalimiwa.

Raundi ya mwisho ilikuwa inakaribia. Larysa, aliyekuwa jikoni akikaanga pirogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, akatoa kichwa mlangoni.

"Orest! Foleni imefika nje. Nichomeke kikaango cha pili kwenye soketi hii hapa?"

Orest hakumsikia, lakini mdomo wake ulisikia. "Sawa!"

Giza.

Lilikuwa giza fupi, la kiasi cha mtu kusema "ala!" na mwingine kumkanyaga. Mwenyekiti akaipandisha swichi, taa zikarudi, na macho yote yakaelekea ubaoni. Ubao ukapepesa, ukafikiri, kisha ukaandika: BASI LA WINNIPEG LIMEONDOKA. Halafu ukaandika sufuri kwa sufuri.

"Si neno," Stefania akasema. "Sita kwa tano, sisi mbele. Tuendelee."

"Sita kwa tano ni kweli," Thora akasema. "Ila mbele ni sisi."

"Jamani, tuogope hata Mungu!"

"Mungu anajua kuhesabu, Stefa. Muulize."

Makarani wakaulizwa. Mmoja akasema anakumbuka sita, hakumbuki za nani. Mwingine akakiri kwamba tangu asubuhi alikuwa anafikiria pirogi. Ukumbi mzima ukamgeukia Orest.

"Mkwe wangu," Stefania akaita, kwa sauti tamu ambayo Orest aliisikia mara ya mwisho siku ya posa. "Wewe umeutazama huu ubao siku nzima. Sisi tulikuwa mbele, si ndiyo?"

Hapo pana ukweli wa aibu: Orest hakuwa ameziona alama hata mara moja. Siku nzima alikuwa akilitazama lile neno tu.

"Orest," Ghislaine akasema kutoka mapajani. "Zilihifadhiwa. Nimeliona neno. Diski imeungua?"

Alimfungulia mlango mwenyewe! Orest alihitaji kuitikia tu. Diski imeungua, ajali ya umeme, nani wa kulaumiwa? Mashine ingeingia orodhani. Na upande wa pili mama mkwe alikuwa amemtolea macho, akisubiri itikio lile lile. Itikio moja lingewatosheleza wanawake wawili. Maji yalimfika shingoni, na kinywa chake, kilichozoea njia ile, kikaanza kujipanga kutamka "s".

Akawatazama wale akina mama na mafagio yao. Walikuwa wametupa chaki zao kwa sababu ya neno lake. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Hapana," akasema.

Larysa akaangusha mwiko. Alikuwa ameolewa naye miaka yote hiyo, na hakujua kwamba sauti yake ina neno hilo.

"Hapana nini?" Stefania akafoka.

"Hapana, sikuona nani yuko mbele. Na hapana, diski haikuungua. Diski haipo. Haijawahi kuwapo. Ubao haukuhifadhi kitu tangu asubuhi."

"Si ubao ulisema umehifadhi?"

"Nimeufundisha kusema hivyo, Mama. Ukiambiwa hifadhi, unajibu sawa, kisha haufanyi kitu."

Thora Einarson akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea ufagio. "Stefa," akasema huku akijifuta macho, "ubao umemrithi mkweo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Orest alitamani barafu ipasuke. Lakini Ghislaine hakucheka.

"Kwa nini hukuiacha ijibu siwezi?"

"Majaribio yangeanguka. Ungenikataa."

"Mashine isiyo na diski tunaipokea. Hayo majaribio tunayaweka kando, tunaandika kwamba haina uwezo huo. Tunachokataa ni mashine mwongo. Ungeuliza tu."

"Niliona haya."

"Badilisha sasa. Nataka niuone ukikiri mbele ya watu."

Ulikuwa mstari mmoja tu. Alipokuwa akiuandika, akina mama walikubaliana kwa desturi ya klabu: hesabu ikipotea, kila nahodha anarusha jiwe moja, na la karibu na kitovu ndilo linaloshinda. Thora akarusha la kwake. Likaserereka polepole, likakaa pembeni kidogo ya kitovu, mahali pazuri pa kuudhi.

Stefania akapiga goti. Akalisukuma jiwe lake kwa upole kama anamlaza mtoto, kisha, goti likiwa bado chini, akapiga kelele, "Fagieni! Fagieni, wavivu nyie!" Wakafagia. Jiwe likaja, likakipita kitovu, likasimama mbali kuliko la Thora kwa upana wa kiganja.

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Mwenyekiti akaingiza ushindi wa Thora ubaoni. Taa nyekundu zikapepesa, na kwa mara ya kwanza ubao ukaandika: SIJAHIFADHI. SINA UWEZO.

"Safi!" sauti ya Ghislaine ikalia kutoka kwenye kompyuta. "Hivyo ndivyo! Nimeipokea! Imeingia orodhani!"

Orest akaruka. Hakukusudia, miguu iliruka, naye alikuwa ameungana nayo. Akarusha mikono juu, akapiga ukelele, akamkumbatia mwenyekiti, akambusu kichwani, akaruka tena. Wale mbwa watatu, waliofungwa nje ya ukumbi, wakaitikia. Aliposhuka kutoka mruko wa pili ndipo alipogundua kwamba katika ukumbi mzima hakuna mwingine anayeruka, na kwamba mama mkwe wake bado yuko goti chini barafuni.

Stefania akainuka taratibu akijishikiza kwenye ufagio.

"Huyo mwanamke wa kwenye kompyuta ni nani, na kwa nini anasherehekea kushindwa kwangu?" Hakungoja jibu. "Na wewe, Orest. Unashangilia?"

Watu wote walijua jibu lililotakiwa. Hata Thora, kwa huruma, alimkonyeza na kumtikisia kichwa: kataa, mwanangu, kataa. Larysa akafumba macho.

"Ndiyo, Mama," akasema Orest. "Nashangilia. Nimefurahi mno, hata siwezi kusimama."

Gari lililowaleta lilikuwa la Stefania. Orest alirudi nyumbani kwa miguu, theluji ikimfika magotini, na njia nzima aliimba.