Vidole Viwili vya Mzee wa Ndoo

Kila Jumamosi Sinalei humwona mtunza majeruhi wa timu yao ya raga akiingia uwanjani na ndoo, kitambi mbele, pumzi nyuma. Aliyegongwa kichwa humwagiwa maji, huchapwa kikofi shavuni, kisha huonyeshwa vidole. Siku zote ni viwili, kwa kuwa vingine alivivunja ujanani kwenye raga hiyohiyo na havinyooki tena. Kijiji kizima hapa kisiwani Savai'i kinalijua jibu. Miaka ishirini hajapata mgonjwa hata mmoja, na hujisifia hilo hata mbele ya mchungaji.

Leo kaanguka Lafaele, kaka yake Sinalei. Ametapika kwenye nyasi, na mboni moja imekuwa kubwa kuliko mwenzake.

"Vingapi, mwanangu?"

"Viwili," Lafaele akajibu, na mkono wa mzee bado umo ndooni.

"Kichwa nazi hiki. Rudi kazini."

Sinalei akaivuka kamba ya pembeni, akaingia uwanjani. "Mzee, acha mzaha, huyu katapika."

"Magimbi ya asubuhi hayo, mama. Kashiba."

Akamshika kaka yake mashavu. "Kaka, nitazame. Mimi nani?"

Lafaele akamtazama sana, akatabasamu kwa adabu.

"Viwili."