Waliniombea Sala ya Shukrani

Nilimvunja shemeji yangu mguu, kisha nikapiga magoti na kuombewa kana kwamba mimi ndiye niliyeponea chupuchupu. Sijitetei, ndugu msomaji. Utetezi wangu wote niliutumia siku ile, nao ulikuwa uongo mtupu!

Mimi ni mtu wa makamo, nimesoma, na ni mzee wa kanisa hapa Migori. Nimewakemea walevi, wavivu na waongo bila kumwonea mtu haya. Hasa waongo!

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na burudani moja tu, nayo ni kurusha ndege. Haikuwa kazi yangu. Nilikuwa na leseni ya kujirushia mwenyewe, na ndege ndogo ya injini moja niliyoimiliki pamoja na marafiki. Jumamosi asubuhi niliukagua uwanja kwa miguu, nikawafukuza mbuzi, nikakinga mafuta kidogo ya tangi katika kichupa nione kama yameingia maji. Katika hayo sikuwa na mzaha. Labda ndiyo sababu nilijiona siwezi kukosea.

Kisha baba mkwe akafariki, nyumbani kwake karibu na Homa Bay. Kwa desturi yetu Wajaluo, mzee akifa wanaume huwaswaga ng'ombe mbio hadi mpakani, kwa ngoma na mayowe, ili kuyafukuza mauti. Ndiyo tero buru. Mimi niliidharau. Niliiita vumbi na kelele.

Mke wangu alitangulia kwao. Asubuhi alipoondoka aliniuliza, "Utakuja na gari?"

"Na ndege. Nitatua Homa Bay."

"Basi tua huko huko, Baba Akinyi. Usipite juu ya boma letu. Ng'ombe watakuwa wengi, na hawaijui ndege."

"Sasa wewe ndiye utanifundisha kuruka?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

Aliniomba! Nami nikacheka.

Siku ya mazishi anga ilikuwa safi. Nilipokaribia ziwa niliona vumbi jekundu likisogea polepole kati ya mashamba, nikajua ni wao. Sheria inamkataza rubani kushuka juu ya mkusanyiko wa watu. Niliijua sheria hiyo kama nijuavyo jina langu. Lakini nikajiambia nitampa mzee heshima ya mtu aliyestaarabika, wote waone mkwewe ni nani.

Nikainamisha pua ya ndege. Mabati ya nyumba yakakua upesi mbele yangu. Nikaiona miti, kisha pembe, kisha nyuso. Mbele ya wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ameshika kamba ya fahali mkubwa. Akainua mkono kunipungia. Nikampungia nikicheka, nikavuta usukani na kupaa.

Nilipogeuka kutazama, ee Mungu wangu! Vumbi halikuwa tena msafara. Lilikuwa limetawanyika na kurudi bomani, kwenye turubai walikoketi akina mama.

Nilitua Homa Bay. Ndani ya gari la kukodi nikatunga maneno. Hata sikuona ugumu! Nilipofika bomani, kabla mtu hajaniuliza, nikasema, "Injini ilizimika hewani. Nilikuwa natafuta pa kuangukia."

Mama mkwe akasimama mbali kidogo, kama adabu inavyotaka kwa mkwe, akalia kwa sauti. "Mungu ni mkubwa! Tungezika wawili leo!"

Kina mama walikuwa wameponea nyuma ya ghala. Shemeji alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali, mguu umepondwa na kwato. Mchungaji akaamuru tupige magoti tumshukuru Mungu kwa kuniokoa. Nikapiga magoti. Nikasema amina, na kwa sauti kuliko wengine!

Mguu ule ulikatwa chini ya goti. Alikuwa mkulima wa kulima kwa ng'ombe, mtu wa kutembea nyuma ya jembe tangu alfajiri. Nilipokwenda kumwona, nikamsimulia hadithi ile ile ya injini. Akanitazama usoni, akasema tu, "Pole, shemeji."

Sijarusha ndege tena. Watu walisema nimeogopa kifo, nikawaacha waseme.

Miaka ikapita, hata juzijuzi nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta kwake akichambua maharagwe, magongo yake ubavuni. Nikamwambia, "Shemeji, injini ile..."

"Haikuzimika," akanikatiza. "Omera, ndugu yangu, ulipita chini mpaka nikaona meno yako. Ulikuwa unacheka. Mimi nami nikaachia kamba kwa mkono mmoja nikupungie, mjinga mimi! Fahali akanipitia."

"Ulijua siku zote? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekanyaga wapi hapa kwetu? Na dada yangu angekaa wapi, kwako au kwetu? Nilihesabu hayo yote kitandani, hata kabla hawajaukata."

Nikasimama nikamwambie mama mkwe, aliyekuwa jikoni. Akanishika suruali, akanivuta nikae.

"Keti! Mama amezeeka. Mpaka leo akiomba, anaanza na wewe uliyeokoka. Ukimwambia sasa, mguu wangu utakuwa umekwenda bure. Nyamaza, kama nilivyonyamaza."

Ndiyo maana naungama hapa, kwa watu nisiowajua, bila jina.

Wewe uliyepewa chombo chenye nguvu, usikitumie kuwaonyesha watu ukubwa wako. Waliopo chini yako wana miguu. Na ukikosea, sema papo hapo, kabla hujaonewa huruma. Mimi nilichelewa. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwao, na mama yule, ambaye kwa uzee wake hajali tena miiko ya ukwe, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu na kuniombea tena, mwanawe akiegemea magongo yake mlangoni, akiitikia amina.