Ng'ombe walioingia wakati wa Ruthu

Juzi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji wa kata, Majimoto, nikisubiri muhuri. Kando yangu alikaa mama mmoja mkulima, Biblia mapajani, kidole kikiwa kati ya kurasa. Akaja mfugaji, kofia mkononi. Asubuhi ile ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mpunga wa yule mama.

Benchi zima likageuka kumtazama. Kesi za namna hiyo huku kwetu haziishi kwa maneno matamu.

"Mama, nimekosa," akasema mfugaji. "Sema unachotaka."

Mama akamtazama kwanza. "Una bahati, baba. Mimi nasoma sura moja kila siku, kwa mpangilio. Ungenikuta wiki iliyopita, nilikuwa Waamuzi, watu wanachinjana tu. Leo nipo kwa Ruthu, yule mgeni aliyeachiwa masuke kwenye shamba la watu. Sasa nikufanyeje? Faini sitaki. Mvua zikianza, lete maksai wako wanilimie."

Mfugaji akashusha pumzi. "Na hicho cha Ruthu ni kitabu kirefu?"

"Kifupi sana. Kinachofuata ni Samweli, vita tena."

"Basi ng'ombe nawahamisha leo."

Hata mtendaji alicheka, dirishani.

Wengi wetu husoma asubuhi, tukafunga kitabu vizuri, kisha tukatoka kugombana na jirani. Yule mama alimpa mfugaji mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado umeshika ukurasa.