Mguu Wangu Hauumi

Ipo siku moja, mwanangu Kabula, ambayo hata leo nikiikumbuka kichwa kinaniwanga. Nilitaka niondoke nayo duniani bila kumsumbua mtu. Lakini juzi umeniletea fimbo, na fimbo hiyo imenifungua mdomo.

Ulinisubiri nimalize kuimba pale ukumbini Woolwich, ukanishika mkono mbele za watu kama mtu anayebeba yai, ukanikalisha. Ukasema: "Bibi, you're limping again. Nimeshaku-book kwa daktari wako, GP, Thursday. And please, tumia hii." Ukaniwekea fimbo mapajani. Nikacheka mpaka ukanuna. Ulidhani nakudharau. Wala. Mguu wangu hauumi, mjukuu wangu, na haujawahi kuuma. Kama huamini, njoo nyumbani tushindane kupanda ngazi, tuone nani ataanza kuhema.

Mimi huchechemea jukwaani tu. Hutoka nikiburuta mguu wa kushoto, kofia nimeiinamisha kulia, nakigombeza kiti kwa kukaa mbali, ndipo nashika gitaa. Watu hunipigia makofi ya huruma. Husema, mtazameni yule bibi wa Kitanzania, mgonjwa vile na bado anaimba bluzi. Nimewaacha waseme hivyo miaka yote. Sasa kaa nikuambie mguu ule ni wa nani.

Nilikuja London ningali msichana, nikapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kufua na kukunja mashuka. Gitaa nilikuwa nalijua tangu Tabora. Mjomba wangu alipiga muziki wa dansi kwenye bendi ya wafanyakazi wa reli, na mimi nilikuwa naiba vidole vyake kwa macho. Bluzi sikuijua. Niliijulia hapa, Jumapili moja mchana, kwenye baa karibu na kivuko. Mimi sinywi, unajua. Niliingia kwa sababu nilisikia gitaa linalia, nikasimama mlangoni na koti langu la kazini.

Aliyekuwa akiimba ni Mzungu mmoja mzee, jina lake Len, mzaliwa wa hapa hapa Woolwich. Alikuwa mpagazi wa bandarini mpaka mzigo ulipomponda mguu wa kushoto, ukabaki wa kuburutwa. Kofia haikumtoka kichwani, na kabla ya kukaa alikigombeza kiti kwa kukaa mbali. Sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ilikufikia. Alipomaliza aliniuliza kama nimepotea njia. Nikamjibu kwamba sijapotea, ila uzi wake wa tatu umelegea. Akacheka, akanipa gitaa nikaukaze mwenyewe. Nikaukaza, nikapiga kidogo kile cha mjomba. Jumapili iliyofuata nilikuwa ndani ya bendi, mimi, yeye, wa besi na wa ngoma.

Len ndiye aliyenifundisha kuimba bluzi. Aliniambia: "Mizi," maana jina langu la Nyamizi lilimshinda, "unajaza mno. Imba mstari mmoja, unyamaze, liachie gitaa lijibu. Ukilinyima nafasi ya kujibu, unasema peke yako kama kichaa." Neno hilo ulishike vizuri, maana baadaye lilinigeukia.

Na alikuwa na mdomo huyo mzee! Nikichelewa, alitangaza kwa kipaza sauti kuwa nimetembea kwa miguu kutoka Afrika. Nami nilitangaza kuwa mguu ni mzima, anauburuta ili asisaidie kubeba spika. Akinichokoza namrudishia, nikimrudishia anaongeza. Nikasema moyoni, huyu si Mwingereza, huyu ni Mzaramo aliyepotea meli.

Wewe umezaliwa huku, acha nikueleze. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani akikutukana hununi, unatafuta la kumjibu. Na siku ya msiba ndiyo siku yake. Babu yangu alipofariki, Mzaramo mmoja aliyeitwa Kibwana, mfanyakazi mwenzake baba pale reli, aliingia msibani amevaa koti la marehemu, anakohoa kikohozi cha marehemu. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu, akakaa, akauliza kwa ukali uji wake umepoa kwa nini. Bibi yangu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho. Alimtazama yule Kibwana, akaangua kicheko, kicheko kikawa kilio, kilio kilipokwisha akala. Na makaburini, kabla ya jeneza kushushwa, Kibwana aliruka yeye shimoni, akalala chali, akasema hapa pananitosha mimi, mzee mrudisheni nyumbani. Wanaume waliokuwa wakijikaza wakacheka na machozi yakawatoka. Hivyo ndivyo nilivyojua mtu anavyozikwa.

Nilimsimulia Len habari hiyo. Akaipenda mno, kila mara akitaka niirudie. Kisha akaanza kuugua mapafu. Siku moja tukiwa tunapanga vyombo, peke yetu, akaniuliza ghafla: "Nikifa utanifanyia hivyo?"

"Mtani hakosi msiba," nikamwambia.

"Basi uje. Usipokuja nitakufuata kwenye mashuka yako."

Tukapeana mikono. Ahadi ni deni, wahenga walikwisha kusema. Hatukumwambia mtu. Mimi sikuona haja, kwetu mtani haombi ruhusa. Yeye sijui kwa nini alinyamaza. Hilo nalo limo katika yale nisiyoyaelewa.

Akafa. Ulikuwa msiba wangu wa kwanza wa Kiingereza. Nilifika kwenye kanisa dogo nikakuta watu wamekaa kwa mistari, nguo nyeusi, midomo imefungwa. Hakuna sufuria, hakuna mkeka, hakuna anayelia. Mbele kulikuwa na jeneza, pazia kila upande, na juu ya jeneza kofia yake. Mkewe, Maureen, alikaa mstari wa mbele ameinamisha uso, kando yake mwanawe, Colin, aliyekuwa akiitafutia bendi yetu kazi. Nikajiambia, Nyamizi, tulia. Huku ndani ni sala. Zamu yako ni makaburini.

Nikamnong'oneza mwenzetu wa besi: "Tunakwenda makaburini saa ngapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza njia ya kwenda mwezini. "Hakuna makaburi, Mizi. Pazia likishafungwa, ndiyo basi. Anachomwa."

Mwanangu! Hakuna shimo? Hakuna udongo? Sasa mtani ataruka wapi? Nikiwa bado nawaza, nikaliona lile pazia linaanza kutembea lenyewe, polepole, hakuna hata mtu anayelivuta, linamficha Len. Nilimwahidi. Mkono wake niliushika. Nikajua pazia likikutana, nimemkosa milele.

Nikasimama. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka nimeichukua kofia juu ya jeneza nikajitia kichwani, nikaanza kuuburuta mguu wa kushoto huku na huku mbele ya watu wale. Nikapaza sauti yake ya mlango mkavu: "Len! Mvivu wewe! Bendi inakungoja, umejilaza! Spika atabeba nani leo?"

Halafu nikanyamaza ili nijibiwe, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Utani bila wa kuujibu, Kabula, ni matusi matupu, na mimi nililitambua hilo nikiwa nimesimama pale na kofia ya maiti kichwani. Nyuma kabisa mtu mmoja alitoa sauti. Mpaka kesho sijui kama alicheka au alikohoa. Colin akaja, uso mwekundu, akanivua kofia, akanishika kiwiko akanitoa nje. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Tafadhali, nenda." Nilipogeuka, pazia lilikuwa limeshafungwa.

Nilibaki nje kwenye maua nimeduwaa. Nilikuwa nimetimiza ahadi ya marehemu na nimefukuzwa msibani kwake, yote kwa mara moja. Nilimkasirikia Colin, kisha nikajikasirikia, kisha nikamkasirikia Len mwenyewe kwa kufa bila kumwachia mtu maagizo. Nililia njia nzima ndani ya basi, na kilio chenyewe sikukielewa ni cha kufiwa au cha aibu.

Bendi nayo ikaniponyoka. Wa besi alinifuata kazini, anaangalia viatu vyake, akasema Colin hataki kuniona tena na wao hawana la kufanya. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Mimi nilicheza kwa watu, na ngoma yenyewe niliijua peke yangu. Gitaa nililisukuma chini ya kitanda, nikarudi kwenye mashuka.

Kisha siku moja, nimesimama sokoni Woolwich nachagua viazi, nikamwona Maureen kando yangu. Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono wa koti. "Njoo nyumbani," akasema. "Sasa hivi."

Nikaenda. Akanikalisha jikoni, akaniuliza nilikuwa nafanya nini siku ile. Nikamweleza yote, Kibwana, babu, kaburi, ahadi. Akatoka, akarudi na ile kofia, akaiweka mezani.

"Fanya tena," akasema. "Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama."

Nikamwambia siwezi. Akasema naweza. Basi nikaivaa, nikauburuta mguu kutoka kwenye jiko hadi kwenye friji, nikakigombeza kiti chake kwa kukaa mbali. Maureen akacheka! Akacheka mpaka akashika meza, na machozi yanamtiririka, nikajisemea, haya, ndiye bibi yangu huyu, sasa atakula. Ghafla akafuta machozi. Akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

"Kwa nini alikuambia wewe?" akauliza. "Mimi ndiye mkewe. Kwa nini hakuniambia mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zote isipokuwa hiyo. Akasimama, akafungua mlango wa mbele, nami nikaelewa natakiwa kuondoka. Nimeshakanyaga nje ndipo akasema, kwa sauti kavu kabisa: "Na kofia ulikosea. Yeye aliiinamisha kulia." Akafunga mlango.

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Kuna siku nasema alinisamehe. Kuna siku nasema alikuwa ananisuta tu, kwamba hata kumjua mumewe sikumjua. Na kuna siku nasema, aa, Nyamizi, yule mama alikujibu! Uliita, na hatimaye mtu akakujibu. Sijui ni lipi. Sikumwona tena, aliuza nyumba akaenda kuishi na dada yake pwani.

Jioni ile nililivuta gitaa kutoka uvunguni. Nikaanza kwenda kuimba peke yangu, popote waliponikubali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimeimba Hounslow, nimeimba harusi za watu Kenton nikiwaliza badala ya kuwachekesha, nimeimba mpaka wewe ukazaliwa ukanikuta ni bibi mwenye gitaa. Na kila mahali, kabla ya wimbo wa kwanza, Len huingia kabla yangu. Kofia kulia. Watu wanaona ugonjwa, mimi namalizia msiba. Ningewaeleza, lakini nilishaeleza mara moja jikoni kwa Maureen, ikatosha.

Basi nasaha yangu ni hii, na uipokee kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe hana uhakika. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mimi sikuambii uvunje jicho. Lihifadhi, ni la ukoo wako. Lakini kabla ya kulitumia, uliza wenyeji wanatazamaje. Kuuliza si ujinga, na mimi swali moja tu kwa Maureen lingeniponya. Ahadi ya watu wawili itafutie wa tatu aijue, kwa sababu mmoja akifa anayebaki huonekana mwendawazimu. Na usimpe rafiki neno ambalo mwenzako wa nyumbani alistahili kulisikia kwanza. Hilo Len hakunifundisha, alinionyesha.

Sasa hii fimbo. Naipokea, asante. Lakini siitumii mimi, nakuwekea wewe nyuma ya mlango. Bibi na mjukuu ni watani, hilo halihitaji Mzaramo. Siku yangu ikifika, uivae kofia yangu, ukamate fimbo, upite mbele ya sanduku ukichechemea, unigombeze kwa uvivu. Ila mwambie mama yako leo. Mwambie padri. Mwambie na yule anayebonyeza kitufe cha pazia, asubiri. Uimbe mstari mmoja, unyamaze. Mimi sitakujibu, kwa hiyo uhakikishe mapema wapo watakaokujibu.

Mungu akupe umri mrefu na vidole vyepesi, mwanangu. Akupe watani wa kukusuta ukiwa hai na wa kukucheka ukiwa umelala. Na usiimbe kamwe mahali asipokuwepo hata mmoja wa kukuambia kofia umeikosea.