Fuawe ya Waziri

Mzee Waziri, mhunzi wa kijiji cha Waa, alifua majembe na visu vya wagema juu ya fuawe aliyoachiwa na marehemu babake, pande la chuma lililobonyea katikati kwa vipigo. Katika ukoo wao fuawe haiuzwi, hurithiwa. Ndiyo maana mwanawe Alamin alipoitaka, mwaka mmoja baada ya ghasia za Likoni, hakuthubutu kutaja kununua. Alisema, "Naiazima, baba. Mwezi mmoja tu." Alikuwa amepata kazi Diani, kwa mzungu aliyeunganisha vyuma chakavu kuwa sanamu na kuzisimamisha bustanini ili wageni wa mahoteli wazitazame.

Masika yakakaribia, fuawe haikurudi. Jirani yetu Mbeyu alikuwa ameleta jembe lililopasuka, na wengine wakamfuata na yao. Waziri akaamua kwenda kuichukua mwenyewe, nami, mwalimu wa shule ya kijiji, nikamsindikiza. Alivaa kanzu ya Ijumaa, na nyundo akaitia kikapuni.

Langoni tulipokewa na Tobias, mlinzi kutoka bara.

"Wazee, kama mmeleta skrepa, pitieni nyuma."

"Nimekuja kuchukua," alisema Waziri. "Kuleta nilishaleta."

Alamin alikuwa karakanani, amezungukwa na wageni. "Shikamoo, mzee," alisema, kama mtu anavyomwamkia mzee yeyote njiani.

"Marahaba. Fuawe iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye nyasi alisimama korongo wa chuma, miguu yake springi za lori, nayo imechomelewa juu ya fuawe. Fuawe yenyewe ilikuwa imezikwa nusu ndani ya saruji.

Alamin alisogea, akanong'ona. "Haitoki tena, baba, labda ndege avunjwe. Lakini hapa inaonwa na ulimwengu. Kule Waa nani aliijua?"

"Waliokula kwa majembe yake," alisema Waziri.

Akatoa nyundo, akapiga mara moja. Fuawe ile tulizoea kuisikia mpaka ng'ambo ya barabara. Sasa ilitoa kishindo kizito, kama gunia lililoangushwa. Wageni wakainua kamera. Alamin akawageukia, akawaeleza kwa Kiingereza kwamba huyu ni mhunzi wa kijijini, amekuja kuwaonyesha kazi za zamani. Wakapiga makofi.

Nilimwuliza Alamin kama hiyo ndiyo maana ya kuazima. "Mwalimu," alinijibu, "nyinyi hamwelewi sanaa."

Kiswahili ninakielewa. Kitu cha kuazima hakitiwi saruji. Huo ni wizi, hata kama mwizi ameanza kwa kuamkia.

Waziri alirudisha nyundo kikapuni. Tulipofika Waa, kabla hajavua kanzu, alimwita Mbeyu, akamkabidhi jembe lake na ufa wake uleule.

"Kanunue jipya Ukunda, mwanangu."

"Kwani fuawe hukuipata, baba?"

"Nimeiazimisha," alisema Waziri, akaufunga mlango wa kiwanda.